Mgeni Asiyeaga: Kinachotokea Ndani ya Kompyuta Unapochomoa Flashi

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa bado haijaachia vidole, nilimkuta binti wa chuo kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa ameishika flashi kwa mikono miwili. Alikuja kuprinti ripoti yake ya utafiti, kurasa 80 na kitu, aliyoinakili dakika chache kabla kutoka kompyuta ya rafiki yake hosteli. Kwenye kioo cha kompyuta ya dukani jina la faili lilikuwepo. Ukubwa wake: sifuri.

"Dada, mbona nilinakili mwenyewe? Mstari ulifika mwisho, nikauona kabisa," alimwambia mwenye duka.

"Ulitoa salama, au ulichomoa tu?"

"Nilichomoa. Si ilikuwa imeshaisha?"

Foleni nzima ikaingia kwenye mjadala. Kaka mmoja akasema ukichomoa hivyo umeme unaunguza flashi. Mama aliyekuja kutoa kopi za kitambulisho akasema ni virusi. Mwingine akasema flashi za siku hizi feki. Nimeyasikia maelezo hayo Iringa, nimeyasikia Tukuyu, na sidhani kama kuna steshenari Nyanda za Juu Kusini ambayo hayajawahi kutajwa. Lakini kilichompata binti yule kina maelezo yake, nayo yako ndani ya kompyuta, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupelekwa. Twende taratibu.

Maneno matatu kwanza. Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile yenye ruhusa ya kugusa vifaa. Programu ya kuandikia au ya muziki haiigusi flashi; inaiomba kerneli, na kerneli ndiyo inayokwenda. Windows ina kerneli yake. Simu za Android na kompyuta za Ubuntu zinatumia Linux, kerneli aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Draiva ni kipande cha programu kinachojua kuongea na aina fulani ya kifaa: printa, kibodi, flashi. Na neno la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni tukio la kuchomeka: taarifa inayoifikia kerneli kwamba kifaa kimeingia au kimetoka wakati mashine inawaka.

Hayo maneno ya mwisho, "wakati mashine inawaka", ndiyo yaliyoleta kazi. Waliotumia kompyuta za miaka ya tisini wanakumbuka: unazima, unachomeka, unawasha. Kerneli ilihesabu vifaa vyake mara moja asubuhi, na hesabu hiyo ikabaki hadi jioni. USB, yaani aina ya tundu na plagi ambayo flashi hutumia, ilipotoka mwaka 1996 utaratibu huo ulivunjika, kwa sababu sasa kifaa kingeweza kuja na kuondoka saa yoyote. Haikuwa rahisi. Aprili 1998 kule Chicago, Bill Gates akiwa jukwaani, msaidizi wake Chris Capossela alichomeka skana ili kuwaonyesha watu uwezo wa Windows 98, na kompyuta ikaanguka palepale, kioo kikageuka bluu mbele ya ukumbi mzima. Wale walikuwa mafundi wakubwa na walikuwa wamejiandaa. Lilikuwa tendo la sekunde moja, lakini nyuma yake kuna kazi nyingi.

Kuingia: gesti ya usiku

Fikiria gesti ya karibu na stendi, zile ambazo basi likichelewa wageni hufika usiku wa manane. Kuna mlinzi getini, kuna mtu wa mapokezi, kuna wahudumu wa vyumba.

Ukichomeka flashi, rezista ndogo ya ohm 1,500 iliyomo ndani yake huvuta juu volti ya mmoja wa waya za data. Poti inaliona hilo. Hiyo ndiyo hodi. Kerneli inapata mwito wa ghafla unaoikatiza kazi iliyokuwa ikifanya, mwito ambao watu wa kompyuta huuita interapti. Huyo ndiye mlinzi wetu. Kazi yake ni kujua kwamba kuna mtu, kumwamsha wa mapokezi, na kurudi getini. Haruhusiwi kuanza kumhoji mgeni, kwa sababu muda wote anaohoji, geti halina mtu. Ndivyo ilivyo kwenye kerneli: ndani ya interapti ni marufuku kusubiri chochote. Unaandika kwamba kuna jambo, unaondoka, na mfanyakazi mwingine wa ndani ya kerneli analichukua.

Huyo wa mapokezi naye hafungui mlango papo hapo. Chuma kikigusana na chuma hakitulii mara moja. Pini zinagusana, zinaachana, zinagusana tena, hasa kama poti imelegea kama zilivyo nyingi za madukani. Kerneli ikiamini kila mguso itadhani wameingia wageni sita. Kwa hiyo Linux inachungulia kila milisekunde 25, na inataka ione utulivu wa milisekunde 100 mfululizo ndipo iamini. Zikipita sekunde 2 bila kutulia, inaachana nacho. Ukichomeka flashi huku mkono unatetemeka kisha kompyuta ikakaa kimya, huenda ni hapo ulipokwama.

Kisha uandikishaji. Kila kifaa kipya cha USB huanza na namba 0. Wawili wakisimama kwenye namba 0 kwa pamoja, ukiita "namba 0" wataitika wote, kwa hiyo mapokezi hupokea mmoja mmoja. Mgeni anapewa namba yake, kati ya 1 na 127. Anajaza fomu fupi mno, ya baiti 18, yenye namba ya mtengenezaji wake na namba ya bidhaa. Fomu zinazofuata zinaeleza ni aina gani ya kifaa na kinahitaji umeme kiasi gani. Kwenye USB 2.0, kabla hajakubaliwa anaruhusiwa kuchukua miliampea 100 tu. Akishakubaliwa anaweza kufika 500.

Baada ya hapo kerneli hupita kwa draiva zake ikiuliza: huyu ni wako? Draiva ya flashi inasema ndiyo, inamchukua, na kerneli inatangaza nje kwamba kuna kifaa kipya. Tangazo hilo ndilo linalokuletea ile sauti na picha ya flashi kwenye kioo.

Hata kutangaza kulihitaji kufikiriwa upya. Linux ya toleo 2.4, mwaka 2001, ilikuwa ikiwasha programu ndogo kwa kila tukio, kila moja ikienda na habari yake kivyake. Ukichomeka na kuchomoa haraka, habari ya kuondoka iliweza kufika kabla ya habari ya kuwasili: msikilizaji anaambiwa futa kitu ambacho hajakisikia, kisha anaambiwa sajili kitu ambacho kimeshaondoka. Suluhisho lilikuja kwenye toleo 2.6. Kila tangazo likapewa namba ya mfuatano, na upande wa nje akawepo mpokeaji mmoja, programu iitwayo udev ambayo Greg Kroah-Hartman aliianza mwaka 2003. Namba ya mfuatano, basi. Ni jambo dogo sana, na bila hilo hakuna anayejua flashi ipo au haipo.

Kutoka

Hadi hapa mgeni amekuja kwa hiari yake na anajibu kila anachoulizwa. Kuondoka ni shughuli nyingine. Mgeni aliyeaga hana shida. Shida ni yule aliyetoroka kupitia dirisha saa nane za usiku wakati mhudumu yuko kwenye korido na sinia la chai yake, mapokezi wanaandika bili yake, na fundi yuko njiani kutengeneza taa ya chumba chake. Wote wanaendelea kumhudumia mtu ambaye hayupo.

Kuchomoa flashi ni hivyo hivyo. Kerneli haikuulizwa. Inaambiwa baada ya jambo kutokea, na kati ya kutokea na kujua kuna muda, hata kama ni mfupi. Katika muda huo draiva inaendelea kutuma maombi kwa kifaa ambacho hakipo. Anayeandika draiva hawezi kusema nitaangalia kama kipo ndipo nitume, kwa sababu kinaweza kuondoka baada ya kuangalia na kabla ya kutuma. Anachoweza ni kuandika kila mstari akijua kwamba jibu linaweza kuwa "hakipo", na jibu hilo lisiiangushe mashine.

Taarifa ikishafika, kazi inafuata mpangilio. Kwanza funga mlango: hakuna ombi jipya linalopokelewa. Pili waite walioko korido: maombi yaliyokuwa njiani yanarudishwa yakiwa na jibu la kosa, kwa sababu ombi lisilorudi huacha programu imesimama ikisubiri. Tatu toa jina kwenye daftari, watu wa nje wasiendelee kumuulizia. Na ya mwisho kabisa, safisha chumba, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ambamo kerneli iliweka habari za kifaa hicho.

Hiyo ya mwisho ndiyo imewatoa jasho waandishi wengi wa kerneli. Ukisafisha chumba mapema ukampa mgeni mwingine, mhudumu aliyechelewa ataingia na sinia la mgeni wa zamani, au atafungua begi ambalo si lake. Kwenye kompyuta hali hiyo inaitwa kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, nayo ni hatari halisi ya kiusalama: mjanja akiweza kupanga ni kitu gani kitawekwa kwenye chumba hicho, anaweza kuifanya kerneli itii amri zake. Mwaka 2017 mtafiti Andrey Konovalov, akitumia syzkaller, chombo cha Google cha kutafutia makosa ya kerneli, alitangaza kasoro 14 kwenye draiva za USB za Linux. Zilihitaji tu mtu achomeke kifaa kilichotengenezwa kwa makusudi.

Dawa yake ni ya kiswahili kabisa: hesabu ya walioshika. Kila sehemu ya kerneli inayotaka kutumia habari za kifaa inaongeza moja kwenye hesabu. Ikimaliza inapunguza moja. Chumba kinasafishwa hesabu ikifika sifuri, hata kama mgeni mwenyewe aliondoka zamani. Kifaa kinaweza kuwa mfukoni mwako, uko kwenye daladala ya Uyole, na ndani ya kompyuta uliyoiacha Mwanjelwa bado kipo, kwa sababu kuna mtu hajakiachia.

Hilo nimeliona kwa macho. Nyumbani nina laptopu ya Ubuntu. Nilicheza wimbo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, nikafungua pembeni dirisha ambamo kerneli huandika kila tukio linalotokea, kisha nikachomoa. Mstari ukaandikwa hapo hapo: kifaa namba 7 kimeondoka. Wimbo uliendelea kwa sekunde kadhaa, kwa sababu kipande cha mbele kilikuwa kimeshasomwa na kuwekwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha ukakatika. Nikarudisha flashi ile ile kwenye poti ile ile. Haikupewa namba 7, ilipewa 8. Na jina la diski, lililokuwa sdb, sasa likawa sdc. Programu ya muziki ilikuwa bado haijafungwa, na sdb ilikuwa bado imeshikwa, haina kitu nyuma yake. Kwa kerneli huyu aliyerudi alikuwa mgeni mwingine, mwenye chumba kingine. Nilipofunga programu na kurudia tangu mwanzo, flashi ikarudi kuwa sdb.

Sasa, faili la binti

Kunakili faili ni kazi tatu: kuweka yaliyomo, kuandika kwenye jedwali ni vipande gani vya flashi vimetumika, na kuandika kwenye orodha jina la faili na ukubwa wake. Flashi ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo kerneli nyingi hupokea data kwanza kwenye RAM, zinaiambia programu "nimepokea", kisha zinapeleka kwenye flashi kidogo kidogo. Mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho wakati sehemu ya mzigo bado iko njiani. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida huamka kila sekunde 5 kuangalia kama kuna mzigo wa kupeleka, na huhesabu mzigo kuwa umechelewa ukifikisha sekunde 30. Kwa kompyuta nusu dakika ni muda mrefu mno, na kwa mtu anayewahi daladala pia ni muda mrefu.

Ukichomoa katikati, jina linaweza kuwa limeshaandikwa na ukubwa bado. Orodha inabaki na ripoti yenye ukubwa wa sifuri. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao hauna daftari la kumbukumbu la kurudishia kazi iliyokatika njiani, hivyo kinachobaki ndicho hicho.

Kwa hiyo kitufe cha kutoa salama hakihusiani na umeme. Maana yake ni: maliza kila ulichoahidi kuandika, waambie wote waachie, kisha uniambie. Na hapo turudi kwa watu wa foleni.

Kuhusu umeme kuunguza: plagi ya USB ya kawaida, ile pana, ukiitazama utaona pini mbili za pembeni ni ndefu kuliko mbili za kati. Za pembeni ni za umeme, za kati ni za data. Umeme unaingia kwanza na kutoka mwisho, kwa makusudi, ili kifaa kisipokee data kikiwa hakina nguvu. Kuchomoa kulifikiriwa tangu siku ya kwanza. Kinachoharibika ni maandishi.

Kuhusu virusi: vipo, na vile vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale vimewasumbua wengi. Ukiona njia za mkato, shuku virusi. Ukiona jina lako sahihi lenye ukubwa wa sifuri, au faili linalofunguka nusu, shuku kwanza uandishi uliokatika. Na umeme wa jengo ukikatika wakati wa kunakili kwenye kompyuta isiyo na betri, matokeo yanaweza kuwa yale yale, hata kama hakuna mkono uliogusa flashi.

Yupo pia atakayesema Windows ya siku hizi haihitaji kutoa salama. Ana nusu ya ukweli. Tangu toleo 1809 la Windows 10, mwaka 2018, Microsoft waliweka kama mpangilio wa kawaida kwamba data ya flashi isicheleweshwe. Hilo linasaidia kama kunakili kumekwisha kweli na hakuna programu inayoandika wakati huo. Lakini dukani hujui kompyuta hiyo ni toleo gani wala imepangwaje, na ukienda kwenye kompyuta ya Linux mambo ni mengine.

Ule ujumbe unaoudhi, kwamba kifaa kinatumika na hakiwezi kutolewa, ni hesabu ya walioshika ikisema haijafika sifuri. Mara nyingi ni PDF uliyoifungua kutoka kwenye flashi yenyewe ikabaki wazi nyuma ya madirisha mengine. Ifunge, jaribu tena. Ndiyo maana kabla ya kuprinti ni vizuri kunakili faili kwenye kompyuta, na kuprinti kutoka huko. Taa ya flashi inayopepesa inakusaidia kidogo, lakini usiiamini peke yake; inaweza kutulia huku mzigo uko kwenye RAM ukisubiri zamu.

Mambo haya hayaishii kwenye flashi. Kwenye seva kubwa, kerneli ya Linux inaweza kuondoa hata prosesa moja kazini mashine ikiendelea: inahamisha kwanza kazi zote zilizokuwa juu yake, inahamisha interapti zake, kisha inaizima. RAM ni ngumu zaidi, kwa sababu kuna vitu vya kerneli vilivyokaa humo ambavyo haviwezi kuhamishwa. Ukivikuta, kipande hicho hakitoki. Hapo lakini kerneli inaombwa kabla.

Na jambo moja la tahadhari kwa wenye steshenari. Fomu ile ya baiti 18 na zinazoifuata hujazwa na mgeni mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba flashi inaweza kubadilishwa ndani ili ijiandikishe kuwa kibodi, kisha ianze kuchapa amri. Waliliita jambo hilo BadUSB. Kerneli haina macho ya kuona umbo la plastiki, inaamini fomu. Flashi ya kuokota stendi usiichomeke kwenye kompyuta yenye kazi za wateja.

Binti alimpigia rafiki yake. Ripoti ilikuwa bado kwenye kompyuta ya hosteli, ikatumwa kwa barua pepe, ikaprintiwa kabla ya saa sita. Mwenye duka alinisikiliza wakati nikieleza habari ya walioshika na kuachia, huku akibana kurasa. Nilipopita tena siku chache baadaye, dereva wa bajaji alikuwa ameshainamia kaunta, mkono uko kwenye flashi yake ya nyimbo.

"Subiri kaka," dada alimwambia bila kuinua macho. "Bado haijaachia."